Kabla Hujamlaumu Nyumbu: Ushauri kwa Mfugaji wa Mbuzi Aliye Jirani na Hifadhi

Miaka michache iliyopita nilinunua mbuzi chotara wa maziwa wanane kutoka miteremko ya Mlima Meru, nikawapeleka kwenye boma letu Simanjiro, mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Ulikuwa msimu wa mvua, wakati ambao nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini wakaja kuzalia katika mbuga zetu. Wiki ya tatu jike mmoja aliacha kula. Kesho yake alitembea akiinua miguu juu kama anayevuka mto, akatafuna ilhali kinywani hamna kitu, kope zikimchezacheza. Jioni alianguka ubavu, akapigapiga miguu hadi akafa, povu likimtoka puani. Ndani ya siku kumi nilipoteza watano, huku mbuzi wetu wa kienyeji waliolala nao zizi moja wakiendelea kula kama kawaida.

Nilikosea mara mbili. Kwanza nilidhani ni kizunguzungu kile kinacholetwa na mabuu ya tegu ubongoni, nikapoteza siku na fedha kwa dawa ya minyoo. Pili niliwalaumu nyumbu. Ni kweli kwamba wazee wa Kimaasai huwatenga ng'ombe na nyumbu wanaozaa, na wana sababu nzuri, kwa kuwa ndama wa nyumbu hueneza virusi vinavyoua ng'ombe. Lakini ugonjwa huo hauhusiani na kupe, na uliowaua mbuzi wangu ni mwingine, unaoletwa na kupe.

Afisa mifugo alipompasua wa tano, alikuta mfuko unaouzunguka moyo umejaa maji ya rangi ya manjano. Alichukua kipande kidogo cha ubongo, akakisambaza juu ya kioo, na maabara ikaona makundi ya bakteria ndani ya kuta za mishipa midogo ya damu. Huo ndio ugonjwa wa moyo kujaa maji, ambao bakteria wake, Ehrlichia ruminantium, alitambuliwa na mtafiti Cowdry mwaka 1925 huko Afrika Kusini. Mtaalamu wa wadudu Lounsbury alikuwa ameshaonyesha mwaka 1900 kwamba unaenezwa na kupe wa jamii ya Amblyomma, wale wakubwa wenye mgongo wa rangirangi na pete nyeupe miguuni, wanaopenda kujishika kwenye kiwele, korodani na chini ya mkia.

Kupe huyo hunyonya wanyama watatu tofauti maishani: akinyonya damu yenye bakteria akiwa mdogo, huwabeba hata baada ya kujivua ngozi, kisha huwaingiza katika mnyama anayefuata. Nyati na pofu huwalisha kupe wakubwa, na wanyamapori kadhaa wanaocheua huweza kuwa na bakteria katika damu bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo kumtazama swala mwenye afya ukasema malisho ni salama ni kujidanganya. Kulungu wa Amerika mwenye mkia mweupe, ambaye ukoo wake haukukua na ugonjwa huu, hufa akiambukizwa. Ndiyo maana Marekani iliingiwa na wasiwasi ugonjwa ulipothibitishwa katika kisiwa cha Guadeloupe, bahari ya Karibi, mwaka 1980. Kupe wenyewe walifika kule na ng'ombe kutoka Afrika Magharibi, na yangeyange wamesaidia kuwasambaza kati ya visiwa.

Mbuzi wangu walikuwa kama kulungu huyo. Kwa hiyo swali la kwanza unaponunua mbuzi si bei, ni mahali alipokulia. Akitoka nyanda za baridi zisizo na kupe hawa, mlete wakati wa kiangazi, mkague kwa vidole kila jioni, na umpime joto kila asubuhi kwa mwezi mzima. Homa hutangulia dalili za ubongo, mara nyingi ikivuka nyuzi 40, na hapo ndipo sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria, inaposaidia; akishaanza kuinua miguu, matumaini huwa madogo sana. Kiasi cha dawa mwachie mtaalamu, na uheshimu siku za kutokunywa maziwa yake.

Kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe ni lazima, ila sikubaliani na majirani wanaotaka kumaliza kila kupe bomani. Mifugo ya kienyeji hupata kinga kwa kuambukizwa ikiwa michanga, umri ambao huuhimili ugonjwa vizuri zaidi. Ukiiogesha mno isionje kupe kabisa, siku dawa itakapoadimika utazika wengi. Mimi huogesha mara nyingi wageni, na wenyeji kwa kiasi.

Mwaka uliofuata nilileta wanne, mwezi wa Agosti. Siku ya kumi na sita kipimajoto kilisoma 41 kwa mmoja wao, ambaye bado alikuwa akila majani ya mgunga. Nilimpigia afisa mifugo kabla sijanywa chai, na mbuzi huyo ameshazaa mara mbili.