Wadogo zangu mnaoingia kwenye umeme wa vijito, anzeni na mashine ya kusaga

Nawaandikia nyie mnaotoka MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya) au VETA mkapata kazi kwenye hii miradi midogo ya umeme wa maji huku kwetu, Makete, Mufindi, Ludewa, Rungwe. Ukifika kijijini kila mtu atakuuliza taa zitawaka lini na wewe utajikuta unahesabu nyumba. Usianzie hapo. Uliza kwanza saa nne asubuhi umeme huo utakuwa unafanya kazi gani, kwa sababu taa zinawaka kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku hivi watu wanalala, ila maji yanapita kutwa kucha, na ule umeme usio na mtumiaji unaishia kuchemsha maji kwenye hita zinazofungwa kula umeme wa ziada. Hapo uchumi wa kijiji haujasogea hata kidogo.

Sasa mto. Upime mwezi wa kumi au mwanzoni mwa kumi na moja kabla mvua hazijashika, mwezi wa tatu hapa kila kijito kinakudanganya. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima upana na kina sehemu kadhaa, rusha kitu kinachoelea nusu nusu kama chungwa, hesabu sekunde, rudia mara nyingi, halafu punguza jibu maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Na upandishe kufuata mto uone nani ana vinyungu, yaani bustani za mabondeni, huko juu, kiangazi ndio wanamwagilia, yale maji ni ya kwao pia na usipokaa nao mapema watakuja kuyafunga na watakuwa na haki.

Hesabu yenyewe ni rahisi: lita kwa sekunde mara mita za mporomoko (kimo maji yanachoshuka mpaka kwenye mtambo) mara 9.81, unapata wati, halafu toa kinachopotea kwenye bomba, mtambo na jenereta. Kijito cha lita 50 kwa sekunde na mporomoko wa mita 20 kinakupa kama kilowati 10 za kwenye karatasi, ukibaki na 5 au 6 za kweli shukuru. Mota ya mashine ya kusaga ya hospawa 15 peke yake inakula kilowati 11! Tena ukiiwasha moja kwa moja inavuta ampea mara 5 mpaka 7 ya kawaida yake kwa muda mfupi, kijiji kizima taa zinafifia au mtambo unajizima kabisa. Kwa hiyo kama umeahidi taa bila kuuliza mota, ujue yule mama anayesagia kijiji kwa mashine ya dizeli atabaki na dizeli yake. Starta nzuri, ile ya kuiwasha mota taratibu, ni gharama ila iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, usikubali ikatwe.

Mtaambiwa pia bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, vijito vya nini tena? Jibuni kwa heshima kwamba vijiji vya mwisho wa laini ndefu volti zinashuka sana, na mtambo mdogo ulio jirani unazibeba. Mtambo wa maji wa Mwenga kule Mufindi ni megawati 4 tu, tangu 2012 inauzia TANESCO na inasambaza vijijini. Lakini aisee kijiji kilicho mbali na gridi hakina pa kuuzia ziada, ndio maana narudia watumiaji wa mchana: kusaga, kuchomelea, kupasua mbao, kupoza maziwa.

Vibali msiviache mwishoni. Chini ya megawati 1 hudaiwi leseni ya kuzalisha, ila EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, lazima wakutambue, na kibali cha maji unaomba bodi ya maji ya bonde, Mufindi ni Rufiji, Rungwe ni Ziwa Nyasa.

Kabla hamjachimba hata shimo moja la nguzo nendeni kwa mama wa mashine ya dizeli, ikiwezekana mpitie kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, mkae naye, mumuulize kwa wiki anachoma lita ngapi na anasaga debe ngapi. Pigeni hesabu debe moja linamgharimu shilingi ngapi za mafuta, bei yenu ya yuniti ikizidi hapo hatahama, na akihama yeye, mwenye welding atakuja wiki hiyo hiyo kuuliza fomu ya kuunganishiwa.