Maswali Yenu: Marekani ikibadili kanuni, fidia ya veterani itabaki?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa ndugu zetu waliotumikia jeshi la Marekani na kwa wake zao. Wamesikia mapendekezo ya kupunguza matumizi ya VA, yaani Idara ya Masuala ya Maveterani, na wanauliza kama fidia ya ulemavu, inayolipwa kwa asilimia kadiri ulemavu ulivyo, iko salama.

Nalipwa asilimia 60: kukatika pumzi usingizini 50 (natumia CPAP, mashine ya kusukuma hewa usingizini), mgongo 20, mlio masikioni 10. Naambiwa 50 za CPAP zinafutwa. Nitashushwa? – B., Minneapolis

Kaka B., mabadiliko ya kanuni peke yake hayawezi kukushusha. Mapendekezo ya kubadili viwango hivyo VA iliyatangaza Februari 2022. Kwa utaratibu wa tangu zamani, anayehitaji CPAP hupewa 50. Pendekezo linaangalia tiba inafanya nini: mashine ikiondoa dalili zote ni 0, dalili zikibaki kiasi ni 10, na 50 ni ya yule ambaye tiba haimsaidii au hawezi kuitumia kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Mlio wa masikio nao ungehesabiwa ndani ya ugonjwa unaousababisha badala ya kuwa na asilimia zake. Hayo yanakuwa kanuni pale tu kanuni ya mwisho inapochapishwa kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya Marekani, ikiwa na tarehe ya kuanza kutumika.

Hata ikichapishwa, kifungu 3.951 cha kanuni za VA kinakataza kumpunguzia mtu kwa sababu tu jedwali la viwango limebadilika. Lazima ithibitike kwamba ulemavu wenyewe umepungua.

Anayeumia ni atakayedai baadaye. VA haijumlishi asilimia moja kwa moja. Kwako wanaanza na 50. Asilimia 20 ya 50 zilizobaki ni 10, mnafika 60. Asilimia 10 ya 40 zilizobaki ni 4, mnafika 64, na hiyo inashushwa hadi 60. Mwenzako mwenye maradhi hayo hayo, akidai chini ya kanuni mpya huku mashine inamfaa vizuri, angeishia 20, au 30 kama masikio yatahesabiwa.

Usiombe nyongeza kwa sababu ya hofu. Ukiomba, unapimwa upya ugonjwa ule, na matokeo yanaweza kupanda au kushuka. Omba kama hali imezidi kweli na una vipimo vya karibuni. Jua pia umri wa kiwango chako. Kikishadumu miaka 5, VA inatakiwa kuonyesha nafuu ya kudumu, si ya kipimo kimoja. Baada ya miaka 10, haiwezi kukana kwamba ugonjwa ulitokana na jeshi isipokuwa kuna udanganyifu au ikionekana hukuwa na utumishi unaostahili. Baada ya miaka 20, kiwango hakishuki bila udanganyifu kuthibitishwa.

Ikija barua ya pendekezo la kupunguza malipo, saa imeanza. Una siku 60 za kuleta ushahidi, lakini siku 30 tu za kuomba kusikilizwa. Omba kusikilizwa ndani ya hizo 30, kwa maandishi, maana malipo yako yanabaki kama yalivyo hadi uamuzi wa mwisho. Wengi hushika ile 60, wakaandika siku ya 45, na kinga hiyo imeshawapita.

Nilikuwa Camp Lemonnier, Djibouti, karibu na mashimo ya kuchomea taka. Sijawahi kudai. Nisubiri hali itulie? – M., Dallas

Usisubiri. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, inawahusu waliotumikia Djibouti kuanzia 11 Septemba 2001, na Somalia kuanzia 2 Agosti 1990. Kwa maradhi yaliyoorodheshwa, kama pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi na saratani kadhaa, huhitaji kuthibitisha kwamba moshi ndio uliokuumiza. Unahitaji ugonjwa uliothibitishwa na daktari, na rekodi kwamba ulikuwa mahali pale.

Anza leo na taarifa ya nia ya kudai, fomu 21-0966. Inakushikia tarehe kwa mwaka mmoja. Ukishinda, malipo yanahesabiwa kuanzia siku hiyo. Lakini usiitegemee peke yake. VA ilisema jedwali likibadilika, madai ambayo tayari yako mezani yatapimwa kwa kanuni ya zamani na mpya, kisha itumike inayomfaa mdai. Dai lako linakuwa mezani ukishawasilisha fomu yenyewe, 21-526EZ.

Halafu uchunguzi wa daktari. Hapa watu wetu hupoteza asilimia kwa adabu. Daktari anauliza unaendeleaje, unajibu, "Nzuri, namshukuru Mungu," naye anaandika kwamba mgonjwa anasema hana tatizo. Eleza siku zako mbaya zikoje: unapanda ngazi ngapi kabla ya kusimama kuvuta pumzi, unaamka mara ngapi usiku, ni kazi ipi umeiacha. Usiongeze chumvi, na usipunguze. Ukikosa miadi bila sababu nzito, dai linaamuliwa kwa karatasi zilizopo.

Wakikataa, una mwaka mmoja kuanzia tarehe ya uamuzi. Ukiwa na ushahidi mpya, tumia fomu 20-0995. Ukiona wamekosea kwa ushahidi ule ule, tumia 20-0996. Huko hupokelewi karatasi mpya hata moja.

Mume wangu ana miaka 64. Kiwango chake ni 70 ila analipwa kama 100 kwa kuwa hawezi kazi. Ni kweli wataukata mpango huo akifika 67? – Mama S., Columbus

Mama S., hilo limo katika orodha ya njia za kupunguza nakisi ambayo Ofisi ya Bajeti ya Bunge, CBO, iliitoa Desemba 2024. CBO huorodhesha njia na kupiga hesabu zake, haipendekezi yoyote. Ili likufikie ni lazima sheria ibadilishwe. Orodha hiyo hiyo ina wazo la kupima fidia kwa kipato cha familia, na la kuitoza kodi.

Hata hivyo unayo sababu ya kulifuatilia, na si kwa malipo ya mwezi tu. Mume akiwa amehesabiwa asilimia 100, pamoja na kwa njia hii ya kutoweza kazi, kwa miaka 10 mfululizo hadi kufa kwake, mjane anaweza kupata malipo ya DIC, yaani fidia ya VA kwa wafiwa, hata kama kifo hakikutokana na jeshi. Malipo hayo yakikatwa kabla ya miaka 10 kutimia, njia hiyo ingeweza kufungika. Tafuteni barua ya uamuzi, mwone tarehe aliyoanza kulipwa 100. Kama maradhi yamezidi kiasi cha kufikia 100 kwa jedwali lenyewe, zungumzeni na mwakilishi aliyeidhinishwa na VA kabla ya kugusa faili. Weka pia cheti cha ndoa mahali unapopajua, kwa kuwa kukosekana kwake huchelewesha madai ya wajane.

Nimerudi Arusha. Fidia itaendelea? Na matibabu? – J.

Fidia inaendelea popote unapoishi. Matibabu nje ya Marekani hulipwa kupitia mpango wa VA uitwao FMP, kwa maradhi yaliyotambuliwa kuwa ya jeshi na yanayohusiana nayo tu. Jisajili kwa fomu 10-7959f-1, kisha dai kila bili kwa 10-7959f-2 ndani ya miaka 2 tangu kutibiwa. Risiti iliyoandikwa "huduma, Sh 180,000" itarudishwa. Omba hospitali ikuandikie ugonjwa, kila kipimo na bei yake, na tarehe. Badilisha na anwani yako VA: barua ikienda kwenye nyumba uliyohama Marekani, siku zinahesabiwa tangu ilipoandikwa, si tangu ilipokufikia kwenye sanduku la posta.

Kampuni inataka malipo ya miezi mitano ili "kuharakisha" dai langu kabla sheria haijabadilika. Nilipe? – K., Seattle

Usilipe. Kwa dai la kwanza hakuna anayeruhusiwa kisheria kukutoza kukuandalia au kukuwasilishia, na hakuna anayeweza kuiharakisha VA kwa fedha. Mashirika ya maveterani yaliyoidhinishwa, kama DAV, American Legion na VFW, hukuandalia bure. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo inayochukuliwa kuwa ya haki. Kabla ya kutoa namba yako ya Social Security, tafuta jina lake kwenye orodha ya walioidhinishwa katika tovuti ya VA.