Kwa Nini Vitenganishi Vyangu Vimejikunja? Majibu kwa Wanaopamba Madaftari ya Mipango

SWALI: Dada mhariri, habari za kazi. Nina daftari la mipango la pete sita, ukubwa wa A5, lenye vitenganishi vitano, yaani kurasa ngumu za kugawa sehemu za daftari, vya manila nyeupe ambavyo nilichoka kuvitazama. Nilinunua karatasi za nakshi, nikazipaka gundi nyeupe, nikabandika moja upande wa mbele wa kila kitenganishi, kisha nikalala nikiwa nimeridhika na kazi yangu. Asubuhi nilivikuta vyote vitano vimejikunja kama majani makavu. Matundu nayo yalikuwa yamezibwa, na yale niliyotoboa upya hayakulingana na pete. Nimekosea wapi, na je, vinaokoleka?

JIBU: Vinaokoleka, ndugu yangu, kwa hiyo usivitupe. Barua yako nimeichagua iwe ya kwanza kwa sababu tatizo hili ndilo linalowavunja moyo wengi wanaoanza, ilhali chanzo chake ni kimoja tu, nacho ni maji.

Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za mimea zilizoshikamana, na kila uzi ukinywa maji hunenepa kwa kiasi kikubwa kuliko unavyorefuka. Gundi nyeupe ina maji mengi. Ulipoipaka, karatasi yako ya nakshi ilitanuka, ukaibandika ikiwa bado imetanuka. Usiku ilipokauka ikanywea, na kwa kuwa ilikuwa imekwisha kushikamana na manila ambayo haikulowa kama yenyewe, ikaivuta. Viangalie tena vitenganishi vyako na utaona kwamba vimepinda kuelekea upande wenye nakshi, kwa maana huko ndiko kwenye mvuto.

Dawa yake ni kumpa mvutaji huyo mwenzake wa upande wa pili. Bandika nyuma ya kila kitenganishi karatasi yenye uzito uleule, kwa gundi ileile, iliyopakwa nyembamba na kusambazwa hadi kwenye kingo. Kisha kiweke kati ya karatasi mbili safi zisizoshika gundi, ukilaze chini ya vitabu vizito hadi siku ya pili. Usikitoe mapema kwa hamu ya kukiona. Unyevu uliobaki ndani hauonekani kwa macho, lakini utaendelea kufanya kazi yake hata baada ya kitenganishi kurudi kwenye daftari.

Liko jambo la pili ambalo mafunzo mengi hulipita, nalo ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani hutoka kwenye mashine nyuzi zake nyingi zikiwa zimelala upande mmoja. Ishike karatasi yako kwa mikono miwili na uikunje kidogo, bila kuivunja, kwanza kwa urefu na kisha kwa upana: upande mmoja utakubali kwa ulaini na mwingine utasukuma vidole vyako. Ule mstari wa mkunjo uliokubali ndio unaofuata nyuzi. Ukikosa uhakika, lowesha upande mmoja wa kipande kidogo cha mraba, nacho kitajiviringisha chenyewe, na mhimili wa mviringo huo utakuonyesha nyuzi zinakoelekea. Katika kitenganishi, nyuzi za manila na za karatasi zote mbili za nakshi zinapaswa kulala sambamba, na inafaa zaidi zikisimama kutoka juu kwenda chini, sambamba na mstari wa pete, ili ukurasa ufunguke kwa ulaini.

Kwa kazi yako ijayo, nakushauri uiache gundi ya maji kabisa na utumie selotepu ya pande mbili au gundi ya kijiti, ambayo ina unyevu mdogo zaidi. Selotepu ipite pembezoni mwote na uongeze mistari miwili katikati, la sivyo karatasi itavimba kila unapofungua ukurasa.

Kuhusu matundu, kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Mimi pia, katika seti yangu ya kwanza, nilikata kila kitu kwa vipimo kamili kabla ya kubandika, na hakuna kingo mbili zilizokutana. Tangu hapo nafuata utaratibu huu: nakata karatasi ya nakshi ikizidi kitenganishi kwa milimita 2 kila upande, nabandika, nasubiri ikauke, nageuza na kupunguza ziada kwa kisu kikali nikifuata rula ya chuma, na panchi inakuja mwisho kabisa. Usikadirie matundu kwa jicho. Chukua ukurasa wa kawaida wa daftari hilohilo, ulinganishe ukingo wake na ukingo wa kitenganishi, uweke alama za penseli ndani ya matundu yake, kisha utoboe moja moja kwa panchi ya tundu moja. Ukigeuza panchi hiyo juu chini na kuondoa kifuniko cha kukusanyia vipande, utaiona alama yako ikikaa katikati ya duara kabla hujabonyeza.

Ukitaka kuweka lamineshi, panchi isubiri hadi plastiki iwe imeshapita kwenye mashine, na ubakize ukingo wa plastiki tupu wa milimita 3 hivi kuizunguka karatasi, kwa sababu ukingo huo ndio unaozuia tabaka mbili za plastiki zisiachane.

SWALI: Nina karatasi nzuri sana yenye maua makubwa, ya mraba wa inchi 12, lakini kila nikiikata kwa ukubwa wa kitenganishi ninapata nusu ya ua na majani yasiyo na mwenyewe. Je, nakshi kubwa hazifai kwa kazi hii?

JIBU: Zinafaa, ila zinahitaji kuchaguliwa mahali pa kukata. Kata dirisha kwenye kadibodi, lenye ukubwa kamili wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, kisha ulitembeze taratibu juu ya karatasi yako. Kinachoonekana ndani ya dirisha ndicho kitakachoonekana kwenye daftari. Ua zima likikaa chini kidogo ya katikati, na shina lake likiingia kutokea upande wa pete, jicho litalipokea vizuri kuliko maua matatu yaliyokatwa vichwa.

Hesabu ya karatasi hiyo nayo inapendeza. Inchi 12 ni takriban milimita 305. Kwa hiyo vipande viwili vyenye upana wa milimita 152, pamoja na ile ziada ya kupunguza niliyoitaja juu, vinakaa ubavu kwa ubavu na kuimaliza karatasi. Vipande hivyo viwili ni mbele na nyuma ya kitenganishi kimoja, na kwa kuwa vimetoka kwenye karatasi moja vikiwa vimesimama vilevile, nyuzi zao tayari zinakubaliana. Juu yake hubaki ukanda wa sentimita 9 hivi, na huo usiutupe, kwani una kazi katika jibu linalofuata. Jambo la kuangalia ni kwamba ukilitafutia ua mahali pake kwa dirisha, mara nyingi utapata kipande kimoja tu cha haja. Basi hicho kiwe uso wa mbele, na nyuma uweke karatasi ya rangi moja yenye uzito uleule.

Sipendi kuona vitenganishi vitano vyenye nakshi kubwa tano. Daftari likifungwa, kingo zake hugombana, na likifunguliwa, kurasa za kuandikia hudhoofika mbele ya kelele hiyo. Nakshi kubwa iwe moja au mbili. Nyingine ziwe mistari, vitone au rangi tupu iliyochukuliwa ndani ya ua lenyewe. Mistari ina sharti lake, kwa maana kosa la milimita 1 katika ukataji, ambalo maua hulificha, mistari hulitangaza.

SWALI: Je, niandike moja kwa moja kwenye zile ndimi zinazochomoza pembeni? Wino wangu unatambaa na maandishi hayasomeki juu ya nakshi.

JIBU: Usiandike juu ya nakshi. Ulimi upo ili uonekane kwa mtazamo mmoja, hata unapokuwa na haraka, kwa hiyo uvike rangi tulivu na ubandike juu yake kipande cha karatasi nyeupe isiyong'aa, ambayo utakuwa umekwisha kuiandika na kuiacha ikauke. Ule ukanda uliobaki unatosha: kata kipande, kikunje katikati, kiukumbatie ulimi mbele na nyuma, kwa sababu ulimi uliobandikwa upande mmoja huachia kwa kuguswa kila siku.

Kwa vitenganishi vitano vya A5, acha milimita 10 juu na milimita 10 chini, ugawe 190 zinazobaki kwa tano, nawe utapata ndimi za milimita 38 zisizofunikana.

SWALI: Naomba kujua kama naweza kutumia karatasi za kufungia zawadi au kurasa za magazeti ya zamani badala ya karatasi maalumu.

JIBU: Ya zawadi inafaa ukitumia selotepu ya pande mbili, kwani ni nyembamba na gundi ya maji huikunjakunja. Ya gazeti itageuka njano na kukatika, kwa sababu ina lignini nyingi, yaani kiungo cha asili cha mti, ambayo mwanga na hewa huibadilisha rangi. Kama unaipenda picha yake, ichapishe upya kwenye karatasi isiyo na asidi.

Wembamba huo wa karatasi ya zawadi una faida yake pia, kwani karatasi nene hulijaza daftari upesi. Manila ya gramu 200 kwa mita ya mraba, ikivikwa pande zote mbili karatasi maalumu za nakshi za gramu 120, inafikia gramu 440. Vitenganishi vitano vya namna hiyo vina uzito wa karatasi 27 hivi za kawaida za gramu 80. Kabla hujaanza kukata, zifunge pete za daftari lako na uangalie nafasi iliyobaki ndani yake.