Yoga ofisini au rosta ya maana? Tafiti zinasemaje

Mkuu umeuliza hizi programu za afya ya akili wanazotuletea HR zina ushahidi wowote au ni geresha tu. Nimekaa HR kampuni moja ya huduma kwa wateja hapa Dar, ntakujibu kwa niliyosoma na niliyoyaona.

Upepo wa tafiti umegeuka. Zamani ilikuwa mfanyakazi afundishwe kuvumilia stress, sikuhizi wanaangalia kazi yenyewe imepangwaje. Sio jipya kiivyo, Karasek, mtafiti wa mambo ya kazi, alishasema tangu 1979 kwamba kinachomaliza watu ni kazi kubwa halafu huna kauli jinsi ya kuifanya. Ila 2024 ndo William Fleming wa Oxford kawasha moto, kachukua taarifa za wafanyakazi 46,336 wa taasisi 233 Uingereza, akalinganisha walioshiriki semina za stress, app za usingizi na vitu kama hivyo na wale ambao hawakushiriki, hakuona walioshiriki wakiwa na afadhali yoyote. Kujitolea kwenye kazi za jamii tu ndo kulionyesha unafuu kidogo. Sasa wapinzani wake wanasema alipima mara moja tu hivyo huwezi kujua kipi kilianza, na hapo wana hoja, ila mimi namuelewa sana.

Kwetu kila mwaka bonanza, tisheti mpya, kuvuta kamba, mwezeshaji anafundisha kupumua, huku vijana wa kupokea simu rosta wanatumiwa WhatsApp Jumapili usiku na Jumatatu alfajiri mtu anatakiwa awe kwenye kiti. Dada mmoja akaniambia "kaka yoga sina shida nayo, mi nataka kujua Jumatano nani atamchukua mtoto shule". Tulipoanza kutoa rosta mapema na watu wakaruhusiwa kubadilishana shifti bila kumpigia magoti supavaiza, ED (ruhusa za ugonjwa) za Jumatatu zilipungua mpaka mhasibu akauliza kulikoni.

Masaa nayo usiyasahau. WHO na ILO (mashirika ya afya na ya kazi ya Umoja wa Mataifa) 2021 walitoa kwamba anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki hatari ya kiharusi iko juu kwa kama 35% kuliko wa masaa 35 mpaka 40. Sheria yetu inasema 45 bila overtime, ila we mwenyewe unajua.

Kama unaenda kikaoni beba karatasi za ED na overtime za miezi ya karibuni, Karasek muache nyumbani.