Usianze na programu: kwa wanaoingia kwenye picha za haipaspektra

Picha ya haipaspektra hugawa mwanga unaorudi kutoka ardhini katika mamia ya vipande vyembamba (chaneli), vingi visivyoonekana kwa macho, ili kutambua madini. Wageni wengi wa kazi hii hupakia picha iliyopigwa na ndege, wakabonyeza kitufe cha kuainisha, ramani ikatoka na rangi zake za kupendeza, wakadhani wamemaliza. Mimi nakushauri uiweke programu pembeni kwanza, ujifunze kusoma grafu ya mwanga unaorudi kutoka kwenye mwamba.

Pa kujifunzia ni Cuprite, Nevada, Marekani. Ni pakavu, mimea ni haba, na data zake za AVIRIS, kamera ya NASA yenye chaneli 224 kuanzia nanomita 400 hivi hadi 2500, zinapatikana bure. Tafuta pikseli ya kaolinaiti, madini ya udongo mfinyanzi. Kwenye grafu utaona bonde, yaani mahali mwanga unapomezwa, lenye ngazi: shimo kubwa karibu na nanomita 2205, na dogo ubavuni mwake karibu na 2165. Alunaiti, ambayo huashiria kwamba maji ya moto yenye tindikali yalipita hapo, bonde lake kuu liko karibu na 2165, na ina jingine karibu na 1760. Ukishayazoea haya kwa macho, siku programu ikidanganya utaibamba.

Inayoninyima usingizi ni mika nyeupe, madini ya vibamba vinavyometa. Bonde lake huhama kutoka 2195 hivi mpaka 2220 kadiri alumini inavyopungua, na wapo wanaofuata mhamo huo kutafuta dhahabu. Sasa piga hesabu: mhamo wote ni nanomita 25 hivi, na chaneli moja ya AVIRIS ina upana wa karibu 10. Kamera ikipotoka nanomita mbili tatu tu, umechora ramani ya kosa la kamera. Ukiona mpaka wa rangi umenyooka sambamba na njia ya ndege, usiusingizie mwamba.

Karibu na 1400 na 1900 mvuke wa maji angani humeza mwanga; kata chaneli hizo, usihangaike nazo. Kwatzi nayo usiitafute kwenye masafa haya, inataka infraredi ya joto, yenye mawimbi marefu zaidi.

Kumbuka pia kwamba mwanga huu unasoma ngozi ya mwamba tu. Mwaka 2007 Afghanistan ilipigwa picha kwa kamera ya HyMap, zaidi ya kilomita za mraba 400,000, na ukavu wa nchi ile ulisaidia sana. Kwetu, kwenye machimbo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria, kuna mashamba, udongo mweusi wa mbuga na laterito (tabaka jekundu lenye chuma), kwa hiyo mara nyingi unachora kifuniko, si mwamba wenyewe. (Wanaouza huduma hii hawaligusi sana jambo hilo.)

Ukienda uwandani na spektromita ya mkononi, kifaa cha kuchora grafu hiyo hiyo ya mwanga, pima upande wa jiwe uliopigwa na jua na mvua, kisha livunje upime ndani. Na siku ya kuruka, pima uwanja mmoja mpana, mkavu, usio na nyasi, ndege ikiwa juu yake, ili upate cha kusahihishia picha nzima.