Kwa nini mama hakai sebuleni kwangu?

Swali: Nimehamia nyumba yangu mpya hapa Njiro, Arusha. Sakafu yote ni marumaru nyeupe, dari ni ya jipsamu na kuta zimepakwa rangi ya kung'aa. Mama alipokuja kutoka Moshi alisema anajisikia kama anasubiri kuitwa na daktari, na kila jioni huhamia jiko la nje. Je, nibadilishe rangi?

Jibu: Rangi inachangia, lakini singeanzia hapo. La kwanza ni ubaridi wa sakafu. Marumaru na ubao vilivyolala chumba kimoja huwa na joto lile lile, na kipimajoto hakitaonyesha tofauti. Ila marumaru hupitisha joto takriban mara saba ya ubao au zaidi, hivyo hulinyonya joto la unyayo upesi kuliko ngozi inavyoweza kulirudisha. Kwa Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, jambo hilo halipuuziki jioni za Juni na Julai.

La pili, ambalo mafundi wetu hulisahau kabisa, ni sauti. Marumaru, vioo na plasta iliyopakwa rangi hurudisha karibu sauti yote inayovifikia. Simama katikati ya sebule upige kofi moja: ukisikia mlio unaotetemeka baada yake, ujue kila mazungumzo humo yanafuatwa na mwangwi, na masikio ya mtu mzima huchoka kuyachambua. Mama hakukosea kutaja hospitali, kwani korido zake hujengwa kwa vitu hivyo hivyo ili zisafishike kirahisi.

Usibomoe chochote. Tandika zulia zito linalofika chini ya makochi, tundika mapazia mazito yenye bitana na mikunjo mingi, na uweke rafu ya vitabu kwenye ukuta mmoja mtupu. Fedha ikibaki, badilisha dari ya sebule pekee iwe ya mbao. Saipresi inatosha, mradi iwe imekauka vizuri na kutiwa dawa ya mchwa, maana mbao mbichi zitapinda na kuacha nyufa. Taa za kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga; hizi ni nyeupe inayoelekea buluu) ziondoe, uweke za 2,700 hadi 3,000, zenye mwanga wa manjano. Jikoni na bafuni marumaru zibaki.

Rangi iwe ya mwisho, na ukiamua kuibadilisha, chagua isiyong'aa.