Ng'ombe wa Masisi na nyama ya Goma

Ndugu unayedhani wenye mabucha wanatudanganya kuhusu bei ya nyama, hawadanganyi: ng'ombe anaweza kushuka bei Masisi, eneo la wafugaji huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na wakati huohuo kilo ya nyama ikapanda hapa mjini Goma. Vita vinapokaribia malisho, mfugaji huuza upesi kabla mifugo haijaporwa, hata dume aliyenona akaondoka kwa bei ya ndama. Lakini kutoka huko, kupitia mji mdogo wa Sake, hadi machinjioni Goma, kila bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani, inadai chake, na gharama hiyo yote huishia kwenye mizani ya bucha. Niliwahi kuswaga ng'ombe njia hiyo, na faranga za bariyeri nilizihesabu kwa mkono wangu mwenyewe. Karibu na sikukuu mambo hubadilika kidogo, kwa kuwa wanunuzi huongezeka na bei hupanda pande zote mbili.